Maneno ya Mama Hayakufika

Ikungi, Singida
6 Februari 1955

Mpendwa mama mdogo Elina,

Shikamoo. Kabla sijakujulia hali, nakutolea jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku mama alipokwenda zahanati kuomba dawa ya kuacha pombe, maneno yake hayakufika. Nilijua, nikanyamaza.

Hujambo wewe na baba mdogo Stefano? Kifua cha mtoto kimepona? Sisi tunapalilia uwele, na mvua si haba.

Unajua mama huwapikia pombe watu wanaokuja kutupalilia, na mpishi lazima aonje kwanza mbele yao. Tangu tumzike kaka Marko, kuonja kumegeuka kunywa. Asubuhi mikono humtetemeka mpaka anywe. Mwenyewe ndiye aliyesema anataka kuacha.

Dresa, yule mtibabu wa zahanati, si Mnyaturu, na mama Kiswahili hakijui. Niliona haya kusema mambo hayo mbele ya mwanamume, nikamwomba Antipasi, mwalimu wa kanisa, atutafsirie. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Aliahidi kututunzia siri yetu.

Mama alieleza taratibu kwa Kinyaturu: kifo cha Marko, mikono, kutapika, aibu yake. Alipomaliza, mwalimu akamwambia dresa kwa Kiswahili, "Huyu mlevi tu, bwana. Amezoea."

Dresa akacheka. "Hapa tunatibu wagonjwa. Mlevi dawa yake jembe!"

Waliopanga mstari wote wakacheka. Mama akadhani wanayacheka aliyoyasema.

Jumapili mwalimu huyo huyo akamtaja kanisani, ati tumwombee mlevi wetu. Sasa nikienda kisimani wasichana niliosoma nao huniita, "Binti wa mtungi, leo umeonja?"

Mama hataki kusikia habari ya zahanati. Anasema, "Nilisema yote wakanicheka. Nikaseme nini tena?" Siku hizi anakunywa akiwa amefunga mlango, na chakula hagusi.

Mtu yule nilimwamini sana, mama mdogo. Hata leo nikimwona njiani ninajificha, utadhani mkosaji ni mimi.

Nakuomba umwite mama aje kwako Manyoni, useme unataka akusaidie kulea mtoto. Nitamsindikiza. Hospitali ya huko nitaingia naye na kutafsiri mwenyewe, neno kwa neno, hata nikiona haya.

Nisalimie baba mdogo na mwanao Raheli. Mungu awakalishe kwa amani, mlale na kuamka salama.

Tukifika, usimwambie mama kwamba maneno yake hayakufika. Nataka alisikie jambo hilo kinywani mwangu. Mpaka siku hiyo, libaki kwako peke yako.

Wako akupendaye,
Kristina