Oili Nyeupe Chini ya Lori, na Shemeji Anayebaki Nyumbani Sabato

Mpendwa Bi. Bathsheba,

Naomba msaada wako na naomba haraka, kwa maana wazee wa upande wa mke wangu wanafika kwangu Jumapili ya tarehe 16 Oktoba na mpaka sasa sijui nitawaambia nini, kichwa kimevurugika kiasi kwamba juzi nilitia chumvi kwenye chai nikainywa yote.

Mimi ni Msabato, mzaliwa wa Kisii, nafanya biashara ya mahindi na maharagwe hapa Migori mwaka wa tisa huu, na nina lori moja la tani saba ambalo naliendesha mwenyewe, nabeba mzigo kutoka Isebania kwenda Ndhiwa na Homa Bay, na mke wangu, Mama Liz, ni Mkuria wa karibu na mpaka ambaye nilibatizwa pamoja naye, lakini ndugu yake Gisiri, anayetuchungia ng'ombe tangu mwaka jana, haendi kanisa lolote, anafuata mambo ya kwao, kwa hiyo kila Sabato sisi tukienda kanisani yeye ndiye anayebaki peke yake na lori uani.

Sasa tangu Juni lori linavuja oili kwenye difu la nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, na ajabu ni kwamba linavuja Sabato tu. Ijumaa natoka Isebania mbio ili nimalize kazi kabla jua halijatua, napitia mtoni, naliingiza lori majini mpaka ekseli inafunikwa, naliosha mwenyewe vizuri kwa ajili ya siku ya Bwana, kisha naliegesha uani mahali Mama Liz amefagia, linang'aa, na Jumapili asubuhi nakuta oili imetapakaa chini ya difu, ilhali Jumatatu hadi Alhamisi nikiliegesha Isebania au Ndhiwa kwenye vituo vya malori sioni kitu kipya pale chini. Fundi wangu Masese amebadilisha sili ya mbele ya difu, ule mpira wa kuzuia oili, mara tatu na bado, na mara ya tatu alipofungua kizibo cha chini oili iliyotoka ilikuwa nyeupe, Bi. Bathsheba, nyeupe kama chai ya maziwa, akaniangalia akasema, "Mzee, hii si kazi ya spana. Kuna mtu anawekea gari yako kitu." Nikamuuliza nani, akasema, "Kwani siku ya Sabato nani hubaki kwako?"

Kusema kweli sikumuuliza Gisiri kwa adabu. Nilimwita mbele ya majirani nikamwambia ataje dawa aliyoitia kwenye lori langu, naye akasema, "Shemeji, mimi najua ng'ombe. Hiyo lori yako sijui hata inakunywa wapi." Watu wakacheka, na mimi nikaona ananidharau kwangu, nikamwita mchawi.

Basi Sabato ya tarehe 24 Septemba nikamdanganya Mama Liz kwamba tumbo linauma, nikabaki, nikajificha kwenye ghala la mahindi tangu asubuhi mpaka jua likazama, nachungulia kwenye ufa, na Gisiri alitoka na ng'ombe, akarudi, akala, akajilaza kwenye kivuli cha jiko, hakulikaribia lori hata mara moja, na nilipokwenda kuinama nikakuta oili imedondoka vilevile, hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, maana kama hakuligusa basi anaimwaga kwa njia gani, na mimi ni shemasi sipaswi hata kuwaza mambo ya namna hiyo, na Mama Liz aliporudi akaniuliza tumbo vipi, nikajikuta namwambia nimemwona Gisiri kwa macho yangu akiingia chini ya lori na kopo, na sijui kwa nini nilisema hivyo, labda kwa sababu nilishinda ghalani siku nzima nikataka kuwe na faida, naye akalia sana, akasema, "Baba Liz, kama umeona, useme mbele ya baba yangu. Na ndugu yangu akitoka hapa na jina la uchawi, mimi natoka na yeye." Akapeleka habari kwa baba yake, Mzee Nyamhanga, ambaye amejibu kwamba anakuja na wazee wawili kunisikia.

Gisiri hali tena kwangu, anakula kwa jirani, ila ng'ombe bado anawachunga. Mimi mara nafikiri ni yeye, mara nafikiri ni Masese anayenichezea, mara nafikiri difu lenyewe limelaaniwa. Je, nitafute fundi mwingine, nimwite mchungaji aliombee, ama niliuze lori nilime? Nakuomba unijibu hapa gazetini, kwa maana barua ikija nyumbani Mama Liz ataifungua.

Ni mimi Baba Liz, Migori

*

Baba Liz,

Barua yako nimeipandisha juu ya zote kwa sababu ya hiyo tarehe. Majina nimeyabadilisha, ingawa watu wa Migori wakisikia habari ya lori linaloogeshwa kila Ijumaa, sina la kukusaidia. Pole kwa usumbufu. Umeandika kama mtu asiyelala vizuri, na nimekuonea huruma mpaka pale kwenye ghala. Shemasi mzima, umejikunja katikati ya magunia unamchungulia shemeji yako akila!

Mimi hapa huwa nazungumza habari za ndoa. Lakini ndoa yangu mwenyewe ni ya dereva. Mzee Bichage aliendesha malori ya pamba huko Homa Bay miaka kumi na tisa, na aliyekuwa akifua ile oili ya difu kwenye ovaroli ni mimi, harufu yake naijua kuliko manukato. Nilimsomea barua yako akiwa mezani. Nilipofika pale unapoliingiza lori mtoni akainua mkono. "Hapo. Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Huyo mchawi ni mto," akaendelea na ugali wake.

Sikiliza basi. Unatoka Isebania mbio na mzigo, difu limechemka. Unalitumbukiza kwenye maji baridi. Hewa iliyomo ndani inapopoa ghafla inasinyaa, na ikisinyaa inavuta. Juu ya nyumba ya ekseli kuna kijikofia kidogo chenye tundu, ndimo difu linamopumulia. Bichage ana hakika kwamba chako kimezibwa na matope ya mto na grisi, kwa miezi. Kwa hiyo difu linavuta maji kupitia kwenye sili. Maji na oili vikikorogwa na gia vinakuwa hiyo chai yako ya maziwa. Hakuna dawa iliyotiwa na mtu. Nawe ukirudi barabarani difu likapata moto, hewa inatanuka, haina pa kutokea, inaisukuma oili nje kwenye sili ileile. Masese angebadilisha sili kumi na mbili na zote zingevuja, kwa sababu hakuwahi kutazama juu.

Kuhusu Sabato, Baba Liz, lori lako linavuja wiki nzima. Kwenye vituo vya malori chini ni peusi tangu zamani, utaona nini? Siku pekee linayosimama mchana kutwa mahali palipofagiwa ni Sabato, tena likiwa limetoka kushiba maji, ile ziada inadondoka polepole. Mnaliosha, mnafagia, halafu mnashangaa kwamba doa linaonekana.

Bichage anasema hivi, na ufuate. Lori lisibebe mzigo mpaka litengenezwe, na mtazame kama oili imefika kwenye breki za nyuma, maana hapo si suala la doa tena, ni suala la roho za watu. Kitoeni kile kijikofia, kisafisheni kwa dizeli mpaka ukipuliza hewa inapita, ama wekeni kipya. Mwageni oili yote, msafishe ndani kwa dizeli kidogo na kuimwaga, kisha mjaze oili mpya lori likiwa kwenye tambarare, mpaka ifike kwenye ukingo wa tundu la kujazia, isizidi. Kabla ya sili ya nne, Masese apitishe ukucha pale sili inapokalia. Kama pamechimbika mfereji, sili mpya haitasaidia. Halafu ashike shafti inayoingia kwenye difu aitikise. Ikicheza, beringi imekula maji. Mkimaliza, pangusa difu likauke, lipake unga wa mahindi, endesha kilomita chache na utazame unga umelowa wapi. Na Ijumaa utumie ndoo na kitambaa, difu likiwa limepoa. Sijaona andiko linalosema lori nalo libatizwe.

Difu limeisha. Sasa tuje kwenye lile ulilolificha katikati ya sentensi ndefu kuliko zote, ukidhani nitalipita.

Ulishinda siku nzima ukimwangalia Gisiri, na wewe ndiye mtu pekee duniani anayejua kwa hakika kwamba hakuligusa lori. Shahidi wake ni wewe. Shahidi huyo ndiye aliyekwenda kumwambia dada yake kinyume. Usiniambie ulichanganyikiwa. Kuhusu difu ulichanganyikiwa, nakubali, hata fundi wako alichanganyikiwa. Kuhusu kopo hukuchanganyikiwa, kopo hilo ulilitunga. Na ungetumia akili kidogo: mtu umemwita mchawi mbele ya majirani, umemfanya akale kwa watu, na kila asubuhi bado anawatoa ng'ombe wako na kuwarudisha. Angetaka kukuharibia mali, angeanza na ile anayoijua.

Nakujua sasa, utataka kulitengeneza lori kwanza, wazee wakifika uwaonyeshe kile kijikofia, mcheke, iwe ni hadithi ya mto. Usithubutu. Lori lisimame hivyohivyo na doa lake mpaka umesema. Wazee hawaji kuulizia oili, wanakuja kusikia ulichokiona. Kabla hawajapewa chai, simama, Gisiri akiwepo, na majirani walewale waliocheka wakiwepo, useme hukumwona, useme ulidanganya, umwombe msamaha kwa jina la uchawi ulilompa. Wakikutoza kitu, toa. Gisiri akiamua kurudi kwao, mpeleke mwenyewe, na usimlaumu.

Lakini Mzee Nyamhanga ni wa pili. Mama Liz amelia kwa jambo ambalo halikutokea, na amekuwa akijiandaa kuiacha nyumba yake kwa ajili ya jambo hilo. Asiusikie ukweli mara ya kwanza mbele ya watu. Usinisubiri nikuandikie maneno ya kumwambia, neno ni moja: sikumwona. Mwambie sasa hivi, kabla hajakuomba hili gazeti.