Nguva Aliyefunguliwa na Mume Wangu

Msimbati, Mtwara

Mpendwa Dada Rehema,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tunduru, wewe na mama. Kikohozi chake kimepungua? Mimi mzima, nimenenepa, na furaha yangu naona haya kuiandika. Dada, Hamisi ananichotea maji kisimani mbele za watu! Wanawake wanacheka, yeye anaimba tu. Nampenda mpaka naogopa.

Na sasa naogopa kweli. Bwana samaki, yule ofisa wa uvuvi, aliwaomba wavuvi wasilaze jarife, ule wavu mkubwa, baharini bila mtu. Wakae nalo, ili kasa au nguva akinasa wamfungue kabla hajakosa pumzi. Aliyekubali ni Hamisi peke yake. Majuzi nguva jike alinasa kwenye jarife la Nahodha Bakari, mtoto wake akimzunguka. Hamisi akachomoa kisu, akakata wavu, wote wawili wakaenda zao.

Pwani walimcheka: "Bwana harusi kamwonea huruma mke wa pili!" Bakari hakucheka. Alikunja wavu wake, akasema taratibu, "Umenikatia wavu mbele ya watu, Hamisi. Sawa."

Tangu hapo hakuna aliyemchukua kazini. Jana Bakari mwenyewe kaja mlangoni, sauti laini. "Shemeji, tunakwenda dago kwenye mdomo wa Ruvuma, tutalala hukohuko. Namtaka mumeo."

"Unaona, mke wangu?" Hamisi aliniambia, anarukaruka. "Wamenisamehe!"

Huku kila anayekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, hutia unga wake kwenye gunia moja, wapike sufuria moja. Leo asubuhi nimeupeleka wa Hamisi. Bakari kaupokea, kaupimapima mkononi, kanirudishia. "Tulio nao unatosha, shemeji." Wenzake wakatazama chini.

Nikamshika Hamisi shati, asiende. "Wananifanyia hisani, nawe unalia?" Akalivua, akaniachia mkononi, akapanda chombo.

Nilipomweleza mama mkwe habari ya unga, aliacha kutwanga. "Sasa mwanangu atakula nini huko?"

Msalimie mama, na shangazi aliyenifunda, na kaka yetu fundi cherehani. Waniombee dua.

Nasubiri lori la korosho liniteremshe mjini, barua hii niitie posta, kisha nimtafute bwana samaki. Ana boti ya mashine. Hamisi akikutwa salama, ataniita mwoga mbele ya kijiji kizima. Acha anicheke, dada. Anicheke mpaka achoke.

Mdogo wako akupendaye,
Salma, mke wa Hamisi