Ukuta wa Kibla Uliopita Mpaka

Muhuta, kando ya ziwa

Kwa Baba yangu, fundi wangu wa kwanza,

Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii itakukuta barazani ukiwa mzima, na goti limepunguza maumivu tangu mvua zikatike. Mama aliniambia kwamba umeanza tena kwenda msikitini kwa miguu. Nilifurahi, ingawa najua ungekwenda hata goti likikataa. Mimi sijambo. Malaria ilinishika mara moja, nikalala siku nne, ikapita. Chakula cha huku nimekizoea: ugali wa muhogo, maharage ya mawese, na dagaa, ambao wao huwaita ndagala.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu itanibidi nipaze sauti ndipo unisikie, na jambo lenyewe si la kupaziwa sauti nyumba nzima ikisikiliza. Barua anakuja nayo mfanyabiashara wa mawese anayepitia Kigoma. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wasafiri, maana linahusu kazi uliyonifundisha.

Nilikwambia nimepata kazi ya kujenga msikiti mdogo huku, juu ya barabara inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge. Ni kilima chenye mteremko mkali. Ukisimama juu unaliona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo. Waislamu wa hapa hawazidi nyumba ishirini, wengi wao wavuvi na wauza ndagala. Miaka yote wamesali kwenye banda la kukaushia samaki, au wamepanda gari kwenda Rumonge siku ya Ijumaa. Kisha mjane mmoja, Bi Mariamu, akatoa kipande cha shamba alichoachiwa na mumewe. Yeye ni mama wa umri wa shangazi, mkimya, anayeuza mihogo kando ya barabara. Chakula chetu cha mchana pale kazini kilitoka jikoni kwake.

Nilipofika kupima kiwanja nilipewa karatasi ya zamani ya mumewe. Inasema mpaka wa juu unaanzia kwenye jiwe na kwenda hadi mchikichi. Mchikichi upo. Jiwe sikuliona. Niliambiwa limesombwa na maporomoko ya udongo miaka iliyopita, na kwamba ua wa minyaa uliopo ndio mpaka. Ua huo ulipandwa upya baada ya maporomoko, na aliyeupanda alikadiria kwa macho. Sikulijua hilo, lakini pia sikuuliza. Nilifunga kamba kwenye minyaa nikaanza kuchimba msingi. Baba, najua unavyosema kuhusu kuvuta kamba kabla ya kuiona alama. Nilikuwa na haraka ya kuuwahi msimu wa kiangazi.

Ukuta wa kwanza kupanda ulikuwa wa kibla. Mihrabu niliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa namna uliyonionyesha. Msaidizi wangu, Nestori, muashi wa hapahapa na Mkristo, alikuwa akija kuitazama hata siku ambazo hatukuwa na kazi upande ule.

Ukuta ulipofika usawa wa linta, maneno yakaanza. Kwanza yalikuwa ya sokoni tu, kisha ikaandikwa barua ya malalamiko kwa musitanteri, ndiye mkuu wa komini, kama tarafa ya kwetu, na watu wengi wa kilima wakaitia saini. Walisema kipaza sauti kitawaamsha watoto. Walisema Rumonge ina misikiti ya kutosha, kwa nini waletewe mwingine huku. Walisema fundi ni mgeni, kwa hiyo na pesa ni za wageni. Redio moja ikaja, ikawahoji watu pale barabarani, na tangu hapo kila abiria aliyeshuka kwenye gari alikuwa na la kusema. Mwingine alipita mbele yetu akasema kwa Kiswahili, ili tuelewe, kwamba wenye dini yao warudi kwao.

Ni lazima nikueleze jambo moja ili ufahamu yaliyofuata. Huku neno Mswahili lina maana mbili. Ni Mwislamu wa mjini, na pia ni mtu mjanja, asiyeaminika kauli yake. Mtu akikudanganya sokoni wanasema amekufanyia Kiswahili. Waislamu wa hapa wamelibeba neno hilo tangu wakiwa watoto.

Katika walalamikaji wote, mmoja tu alikuwa na hoja ya ardhi: jirani wa upande wa juu, Melkiori, mzee anayekamua mawese. Alikuja kazini siku moja, akavua kofia, akaniambia, "Amahoro, fundi. Mimi sina shida na musikiti. Nina shida na mupaka. Baba yangu aliweka jiwe hapa, na naona ukuta yenu imelipita." Nilimwomba anionyeshe hilo jiwe. Hakuweza, udongo ulikuwa umelifunika akiwa kijana. Akavaa kofia akaondoka. Sisi tukacheka kidogo alipokwisha kwenda, na mimi nikiwemo.

Mkutano ukatangazwa: Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya, musitanteri angekuja mwenyewe kusikiliza pande zote. Jumatano ya wiki hiyo, mimi na Nestori tulikuwa tunachimba mfereji wa maji ya udhu ubavuni mwa jengo. Sururu yake ikagonga kitu. Tulisafisha udongo tukaona jiwe refu, limesimikwa wima, lina msalaba mdogo uliochongwa juu. Nilichukua kamba, nikaivuta kutoka pale hadi kwenye mchikichi. Ukuta wa kibla, pamoja na mihrabu yake, ulikuwa hatua mbili ndani ya shamba la Melkiori.

Nestori alisimama akiegemea sururu. "Fundi, hii jiwe iko ya mupaka," akasema.

"Naona."

"Mimi sitasema kitu. Kazi ni ya wewe. Lakini wakiniuliza, sitaweza kusema sijaiona."

Nilikwenda kwa imamu wetu, Yusufu, mtu mwema anayeshona nguo na kufundisha watoto Kurani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaacha cherehani. "Ukisema hivi Jumamosi," akasema, "hawatasema fundi alikosea kamba. Watasema Waswahili wameshikwa. Na musikiti haitajengwa tena hapa, si mwaka huu, si siku ya watoto wetu. Funika jiwe. Tupate ruhusa kwanza. Halafu mimi mwenyewe nitaenda kwa Melkiori, tutaongea, tutamulipa eneo lake."

Sikumwona kuwa mtu mbaya, Baba, na hata sasa simwoni hivyo. Alikuwa amengojea jengo hilo miaka mingi. Nami nilikuwa na sababu yangu ambayo sikumwambia: sikutaka kusimama mbele ya kilima kizima na kusema kwamba sijui kupima. Nilirudi, nikalifukia jiwe kwa mikono yangu, nikatandaza mchanga juu. Nestori alikuwa akichanganya udongo. Hakugeuka.

Jumamosi watu walikusanyika uwanja wa shule na majembe yao bado mikononi. Musitanteri aliketi mezani. Malalamiko yakasomwa. Imamu akajibu kwa utulivu kwamba sheria ya nchi inamruhusu kila mtu kusali, na kwamba hakuna aliyelazimishwa kuingia msikitini. Mtu akauliza kwa nini wasisali nyumbani. Mwingine akasema kilima hiki ni cha Wakristo tangu zamani.

Hapo Bi Mariamu akasimama. Hakuna aliyemtarajia. Alisema kwanza kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili ya mtu wa redio.

"Mama yangu alinizaa kwenye kilima hii. Amezikwa hapa. Bwana yangu amezikwa hapa. Naambiwa turudi kwetu. Kwetu iko wapi? Nioneshe barabara, nitaenda." Akamgeukia Melkiori. "Na wewe jirani, unasema tumechukua udongo yako. Ninaapa kwa Mwenyezi Mungu, na kwa kaburi ya bwana yangu, hatujachukua hata kiganja kimoja."

Alikaa. Nilimwona Melkiori akiinamisha kichwa, kwa sababu alimheshimu, na nikaona kwamba baada ya kiapo kile asingesema tena. Imamu alikuwa akitazama miguu yake. Tulikuwa tumeshinda. Nami sikuweza kuvumilia. Mama yule alikuwa ameapia kitu ambacho mimi nilikifukia.

Nikasimama, nikasema, "Mheshimiwa, jiwe lipo. Nililiona Jumatano. Mama huyu hajui chochote. Kosa ni la kamba yangu, na aliyelifukia ni mimi."

Sitakuandikia yote yaliyosemwa baada ya hapo. Neno lile la Mswahili lilisemwa mara nyingi, na safari hii lilikuwa langu kwa haki. Sikumtaja imamu. Yeye mwenyewe alisimama, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilijua pia." Naona ilimgharimu kuliko mimi, kwa kuwa mimi nitaondoka na yeye atabaki.

Musitanteri alitaka kuliona. Tukapanda wote. Nilifukua kwa mikono. Melkiori alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ule msalaba. Kisha akasema, "Ni mukono wa baba yangu."

"Ukuta unarudi kwenye mpaka," musitanteri akasema. "Hilo limekwisha. Sasa, aliye na lalamiko lingine, si la ardhi, aseme." Wakasema la kipaza sauti, akaandika. Mtu mmoja akasema, "Sisi hatuutaki tu." Musitanteri akamwuliza sababu. Akarudia kwamba hawautaki tu. "Hiyo siwezi kuiandika kwenye karatasi," musitanteri akamwambia, akafunga daftari.

Ruhusa ilikuja baada ya majuma matano, kwa sharti kwamba kipaza sauti kisitoke nje ya jengo. Nadhani Melkiori alikuwa na mkono wake hapo. Nestori aliniambia kwamba mzee alikwenda komini mara mbili, na kwamba alifuta jina lake kwenye ile barua ya malalamiko. Mimi sikumwuliza. Tukikutana huvua kofia, nami humwamkia, basi. Wengine hawakufuta majina yao. Wapo wanaopita barabara ya chini ili wasipite mbele yetu, na kuna asubuhi tulikuta mchanga wetu umemwagiwa majivu. Tuliuchekecha tukaendelea.

Ukuta wa kibla niliubomoa mwenyewe, na mihrabu pia. Nestori alitaka kusaidia, nikamkataza, kisha siku ya pili nikamwachia kwa sababu mgongo ulikuwa umekataa. Ilikuwa kazi ya siku tatu kubomoa kilichonichukua wiki tatu kujenga.

Lakini lililonielemea zaidi ni Bi Mariamu. Jioni ya Jumamosi ile nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa anamenya muhogo. "Ulijua Jumatano," akasema. "Alhamisi umekula kwangu. Ijumaa umekula kwangu. Halafu ukaniacha nisimame mbele ya watu." Nilimwambia sikujua kwamba angeapa. Akasema, "Ndiyo, hukujua. Murakoze, asante, uende." Imamu alimweleza kwamba kiapo cha mtu asiyejua hakina dhambi. Hata hivyo mama yule alifunga siku tatu. Nami nilifunga, bila kumwambia.

Ukuta wa kibla uliporudi nyuma hatua mbili, nafasi ilipungua. Nyuma kuna mwamba, hauchimbiki. Imamu na wazee wakaamua kwamba sehemu ya wanawake iondolewe, wanaume wapate safu zao. Mtu aliyetoa ardhi akawa hana pa kusali juu yake. Nilikataa kuendelea na paa. Niliwaambia nitajenga baraza pana upande wa ziwa, juu ya nguzo, lenye paa lake na pazia, na kwamba ujira wake sitaki. Imamu alifikiri siku mbili akakubali. Ndiyo sababu sitafika nyumbani kwa sikukuu ya Idi. Nguzo kwenye mteremko huu zinataka msingi mrefu, na safari hii sitakimbizana na kiangazi.

Bi Mariamu alikuja juzi kutazama. Alipanda polepole, akasimama mahali safu ya wanawake itakapokuwa, akatazama ziwa, halafu akanitazama mimi.

"Mimi sijakusamehe bado," akasema.

"Najua, mama."

"Lakini jenga vizuri." Akashuka.

Hizo ndizo habari zangu. Nisalimie sana Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie dada yangu mkubwa pamoja na shemeji, na mdogo wangu wa mwisho, umwambie asiache shule kwa ajili ya pikipiki. Bibi mzaa mama mshikie mkono kwa niaba yangu. Mafundi wenzangu wa zamani wanaokuja kukaa nawe barazani wasalimie pia. Ukitaka kuwasomea barua hii, wasomee yote, usiruke mahali.

Kwako wewe nina ombi moja. Watu wa huku waliokuja kunipa mkono wanasema nilifanya vyema kusimama Jumamosi. Hakuna anayeniuliza juu ya Jumatano. Wewe umejenga miaka mingi kuliko umri wangu. Niandikie, bila kunipunguzia, kama wewe ungelifukia lile jiwe.

Mwanao anayekutii,
Idi