Sukari Niliyoificha Siku za Kliniki

Jumatano, Migori. Asubuhi mvua, mchana jua kali, na jua hilo nimelichukia kwa roho yangu yote, maana leo nimewekewa matone ya kupanua mboni za macho. Nimerudi kutoka kliniki ya Homa Bay nimejifunika leso kichwani kama bibi harusi. Hapa kwenye simu naandika kwa herufi kubwa kubwa.

Nilikuwa nimemsindikiza Akeyo, mdogo wangu anayekaa Rodi Kopany. Yeye ana kisukari cha aina ya kwanza, anajidunga insulini tangu darasa la nne, na kila mwaka anapimwa macho na mkojo. Mimi nina cha aina ya pili, cha vidonge. Miaka yote nimekuwa nikimhurumia. Nilijua yake ndiyo sukari, yangu ni kasukari tu.

Nesi akaniambia, "Na wewe mama, kaa hapo tukuangalie."

Akeyo macho safi, figo safi. Mimi, mishipa ya nyuma ya jicho la kushoto imeanza kuvuja damu, na mkojo una protini. Mimi, fundi wa cherehani! Sare za kwaya ziko mezani, na bila macho nitakula nini?

Nesi alinieleza kwamba aina zote mbili huharibu macho na figo. Ya Akeyo ilimwangusha ghafla, ikajulikana. Yangu huenda ilikaa mwilini miaka kadhaa kimya, ndiyo maana macho yangu yalipaswa kupimwa tangu siku ile ya kwanza nilipoambiwa nina kisukari.

Lakini hakujua yote. Wacha nikiri.

Siku yangu ya kliniki ikikaribia, siku tatu nzima naacha soda na mandazi, nakula mboga ya sukuma na samaki. Namba ya sukari inatoka nzuri, nasifiwa. Nikivuka geti tu, moja kwa moja kwa mama mandazi. Tuko wengi. Pale kwenye benchi tunafundishana, na tunaita kusafisha kitabu, kile cha kliniki kinachoandikwa namba zetu.

Nilimwambia Akeyo tukiwa nje. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaniita mama Otieno kwa Kijaluo. "Yawa, Min Otieno! Sukari unaisomea kama mtihani?"

Kisha akaacha kucheka. "Mimi sitaki kuja kukushika mkono nikuvushe barabara."

Hiyo iliniuma.

Nikarudi ndani, nikamwambia nesi kila kitu. Hakunigombeza. Alisema tumewahi, jicho bado linaona vizuri, akanipangia tiba ya mwanga wa leza wiki ijayo. Damu yangu pia itapimwa kwa kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu. Hicho hakidanganywi na sukuma ya siku tatu, akaniambia huku akitabasamu, na mimi nikaona aibu mpaka nikacheka.

Siogopi. Niliogopa asubuhi, imetosha. Siku tatu za kula vizuri nimeziweza miaka yote hii bila mtu kunisukuma, kwa hivyo najua kabisa kwamba naweza.

Kuanzia leo, kila kesho ni siku ya kliniki.