Vidole Vinne vya Udongo

Nyumba ile ile, nyuma ya kiwanda cha mbao
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mgongo umepona, au bado wodi inakuinamisha kutwa nzima? Shemeji na mapacha wazima? Sisi huku tu wazima wa kusimama. Mimi magoti yananisumbua kwa kupanda ngazi kuandika mabango ya watu, ila brashi bado inanitii. Mama yako, Mama Mkubwa wangu, hajambo, amekonda tu kwa kumgeuza baba yako kitandani.

Barua yako ya mwezi wa pili niliipata. Uliniomba nimshawishi Baba aende kumwona kaka yake kabla siku hazijaisha. Nilimshawishi, akaenda. Sasa nakuandikia yaliyotokea, na nitayasema yalivyo, maana yule ni baba yako na huyu ni wangu.

Baba alisema hawezi kukanyaga pale mikono mitupu baada ya miaka ishirini na sita. Akachomoa droo kwenye kabati la zamani, akaisimamisha kwa ubavu ikawa kama sanduku, akasema humo ndani tutajenga karakana yao ya useremala kama ilivyokuwa. Nilicheka. Mzee wa miaka sabini na moja kucheza na vijumba! Lakini ungemwona, Dada. Mabenchi mawili aliyaunda kwa vijiti vya aiskrimu. Randa aliichonga ikalingana na punje ya mahindi. Maranda ya sakafuni yalikuwa ya penseli nilizochonga mimi. Kazi yangu ilikuwa rangi: ukuta wa kijani uliobanduka kwa chini, kalenda, doa la gundi mlangoni ambalo Baba aliniagiza nilirudie mara tatu. Ilituchukua miezi miwili na nusu. Mwisho tukawafinyanga wao wenyewe kwa udongo juu ya waya, kila mmoja kimo cha kidole gumba. Baba penye swichi, Baba Mkubwa penye mashine ya kukatia mbao.

Hapo Baba akakwama, kwenye mkono wa kulia wa kaka yake. Nikamuuliza kama tuuache na gumba peke yake, jinsi ulivyo tangu ile ajali ya mashine. Akasema, "Siwezi kumkata ndugu yangu." Kisha akakaa, akaniambia jambo ambalo mimi na wewe hatukuambiwa. Sisi tumekua tukijua mashine iliharibika. Haikuharibika. Baba yako alikuwa anachomoa kipande cha ubao kilichonasa kwenye msumeno, na baba yangu, akiwa anapiga soga na mteja mlangoni, akaiwasha. Kisha akakimbia. Hospitali hakwenda, pole hakusema. Aliomba kazi kiwandani na karakana hakuikanyaga tena.

Basi tukauacha mkono mzima. Nikavipaka vile vidole kimoja kimoja, hadi kucha. Tulidhani ni heshima.

Baba Mkubwa alitupokea vizuri mno. Aliinuliwa kwa mito, sanduku likawekwa mapajani. Alipoiona ile randa alicheka hadi akakohoa. "Ee bwana, mpaka kalenda!" Mama Mkubwa akafuta machozi kwa upindo wa nguo. Jirani yao fundi viatu, aliyekuja kumjulia hali, akapiga makofi. Kisha baba yako akaomba miwani.

Akalichungulia sanduku kutoka kona hadi kona. Akamng'oa yule mtu wa udongo penye mashine.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, kaka."

"Mimi? Hebu hesabu vidole."

Baba akadhani ni utani. "Kaka, jamani..."

"Hesabu kwa sauti, fundi viatu asikie."

Akahesabu mpaka vitano. Baba Mkubwa akautoa mkono wake chini ya shuka, akamsogezea usoni. "Na hapa?"

"Kimoja."

"Basi umekosea kazi. Fundi akikosea kazi anairekebisha."

Akamwagiza Mama Mkubwa kisu cha matunda. Mama Mkubwa alikataa. Akaagizwa tena, kwa sauti ile unayoijua, akakileta. Dada, baba yangu alivikata vile vidole mbele yetu, na kila kimoja kilipodondoka baba yako alisema, "Ehe." Vyote vinne akaamuru viwekwe kwenye kisosi.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mpaka rangi, siku ile hakukuwa na damu?" Nilikuwa na kikopo cha nyekundu mkobani, cha kurudishia kalenda kama ingechubuka njiani. Nikasema sipaki. Baba, bila kuniangalia, akasema, "Paka, mwanangu." Nikapaka. Mkono, msumeno, sakafu, maranda. Na nilipaka vizuri, Mungu anisamehe, kazi yangu sijui kuifanya vibaya.

Tulipoaga, baba yako akamwambia, "Kesho uje. Wageni watataka kumwona fundi."

Na amekuwa akienda kila siku. Sanduku liko juu ya stuli kando ya kitanda, na kila mgeni anaonyeshwa. "Tazameni mdogo wangu. Alinikata nikiwa na nguvu zangu, amerudi kunikata mzee." Watu hawajui wacheke au waage. Baba anakaa kwenye kiti cha chuma, anaulizwa mbele yao alikimbilia wapi siku ile, na hospitali ilikuwa umbali gani. Anajibu yote. Halafu anashika bakuli na kumlisha kwa kijiko.

Alhamisi nilishindwa. Nilinyanyuka, nikalibeba sanduku nikalivunje nje. Baba akanifuata kwenye korido, akalichukua mikononi mwangu taratibu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Nikamwambia, "Baba, huyu mtu anakutesa, huoni?"

Akasema, "Miaka ishirini na sita alinipita barabarani kama nguzo ya umeme. Sasa ananisema kila siku. Niache nisemwe."

Akarudi ndani. Nikamsikia baba yako anafoka, "Umelipeleka wapi? Saa kumi kuna mgeni."

Sikuombi umkanye, wala sikuombi uje. Nimetaka tu usisikie kwa watu kwamba wale wawili wamepatana, ukafurahi bure. Wamepatana, ndiyo, kwa namna hiyo. Mimi bado simwamkii baba yako. Naingia chumbani mwake kama aliyekuja kusoma mita.

Nisalimie sana shemeji, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Mama Mkubwa anakusalimu, anasema picha zimefika na mmoja amechukua pua yake. Baba pia anakusalimu. Nilimwambia nimekueleza kila kitu, hata swichi. Akasema nikuandikie kwamba yeye bado ni baba yako mdogo kama utamtaka, na kama hutamtaka ataelewa.

Mungu akulinde kazini, akupe mgongo wa chuma na watu wa kukuchekea kwa wema.

Ni mdogo wako akupendaye, hata leo mwenye hasira,

Kitinda