Dada, Wameuliza Nasri Analipwa Ngapi

Dada yangu Mwanamkuu,

Huko uliko nakuombea nafasi na kivuli. Huku Changamwe hakuna hata kimoja, kwa hivyo usituonee wivu.

Nakuandikia kwa sababu jambo lililotokea Jumapili kule Mtopanga lilikuwa lako kulitenda. Hukuwepo, likaniangukia mimi. Unanijua. Mimi ni mtu wa kusimama kando nikatazama, na nikiulizwa kitu nitoe mzaha. Jumapili mzaha uliniishia.

Mwanao Nasri amepata mchumba. Anaitwa Rehema, binti wa Mzee Bakari, aliyeendesha kreni bandarini mpaka akastaafu. Nasri mwenyewe yuko baharini, Afrika Magharibi, kwenye jukwaa la kuchimbia mafuta, na hatoki huko mpaka zamu yake iishe. Kwa hivyo posa nimeipeleka mimi, mjomba. Niliandamana na wazee wawili wa mtaani ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa na kula sambusa, na zote mbili walizifanya kwa uaminifu.

Lakini kwanza, unakumbuka ulivyokuwa ukiuza mahamri na mbaazi nje ya lango la kiwanda cha kusafisha mafuta? Nilikuwa nakubebea beseni kabla sijafungua kibanda changu cha kuziba pancha. Watu wengine walisikiza redio wajue mafuta yanakwendaje duniani. Wewe ulifunua kitambaa ukatazama beseni. Mahamri yakiisha mapema, basi mambo ya mafuta ni mazuri. Yakibaki, haukupita muda tungesikia vibarua wamepunguzwa. "Mafuta yameshuka," ulikuwa ukisema, nasi tunakaa kizingitini tukila mahamri ya jana kwa chai ya rangi, tukiichangia dunia hasara yake.

Na unamkumbuka yule binti wa jirani aliyeposwa na mtu wa kiwandani, akaja mbio kukuambia mshahara wa bwana harusi? Ulikuwa ukisukuma unga, hata hukuinua uso. "Usimuulize analipwa ngapi," ulimwambia. "Muulize analipwa mpaka lini." Nilikucheka siku ile. Nilidhani ni husuda ya mjane.

Beseni hilo ndilo lililomsomesha Nasri. Alipofuzu uinjinia wa petroli, mtaa mzima ulifuzu naye. Mama mmoja alimuuliza kama sasa atampatia mtungi wa gesi kwa bei ya ndani. Kijana wa bodaboda akamgombeza kwa bei ya petroli, kana kwamba Nasri ndiye anayeipanga baada ya kupiga mswaki. Kisha Nasri akatuma picha amevaa helmeti, nyuma yake helikopta. Kwisha. Mtaa ukampangia mshahara wenyewe bila ya kumshauri, na kila picha ilipopita kwenye simu nyingine, mshahara ukaongezwa.

Sasa sikiza. Jumapili asubuhi, nimekwisha vaa kanzu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, simu ikalia. Ujumbe wa Nasri.

"Shikamoo Mjomba. Mkataba wangu unaisha na zamu hii na wakala hajasema neno. Bei ya pipa imeshuka, wanafunga kisima. Usiwaambie wakwe. Acha nioe kwanza. Ipo kazi nyingine nimeitiwa, yalipa mara mbili, ila ni kule wanakoteka watu. Wakitaja mahari kubwa wewe kubali tu, nitakwenda huko."

Nilikaa na kile kiatu mpaka wazee wakaja kunigongea.

Kwa Mzee Bakari tulipokewa vizuri mno, na mapokezi mazuri mno huwa yananitia hofu. Wanaume tulikaa sebuleni. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia, unasikia vikombe na minong'ono. Mzee Bakari ni mtu wa maneno machache. Yaliyobaki amemwachia nduguye, ami yake Rehema, Ami Shee, ambaye alinipokea kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu.

"Karibuni, karibuni! Watu wa injinia hao!"

Hata chai haijamiminwa, akainua simu usoni. "Nimetafuta mwenyewe. Hebu sikizeni injinia wa petroli alipwa nini." Akasoma tarakimu, kwa dola, polepole, kwa sauti ya mtu asomaye khutuba. Mzee wangu mmoja akasahau kutafuna.

"Hiyo ni ya Amerika, Ami," nikasema.

"Kwani mafuta ya Amerika yana rangi nyingine?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana kicheko humpa mtu muda. Na katika muda huo nikaona njia. Ukiulizwa usilotaka kulijibu, jibu mengine kumi yaliyo jirani nalo.

Nikawaeleza kwamba injinia wa petroli si mtu mmoja. Yuko anayekaa ofisini akikadiria mafuta yaliyobaki chini ya mwamba. Yuko anayesimamia uchimbaji. Na yuko wa aina ya Nasri, anayeangalia yale matope mazito yanayomiminwa kisimani ili gesi isipande ikalipua watu.

"Matope?" Ami Shee akanikata. "Mtoto kasoma miaka yote ile, akakoroge matope?"

"Yakikorogwa vibaya, Ami, harudi mtu."

"Basi na yalipwe!"

"Yalipwa. Lakini inategemea."

Nikaendelea. Aliye mgeni kazini halipwi kama aliyezeeka na visima. Mwenye vyeti vya usalama humpita asiye navyo, na vyeti vyenyewe huisha muda, wa mkataba akavigharamia tena kwa mfuko wake. Aliyeandikwa na kampuni ana bima na likizo. Aliyepelekwa na wakala, kama huyu wetu, hulipwa siku alizo baharini tu, na akirudi nyumbani anakula alichokuja nacho. Pasipoti nayo ina bei yake. Watu wawili, helmeti sawa, matope mamoja, wa Ulaya analipwa kwa hesabu ya kwao na wetu kwa hesabu ya kwetu. Na juu ya hayo yote iko bei ya pipa. Ikipanda, kila mtu ni bingwa. Ikishuka, wa kwanza kuambiwa asirudi ni wa mkataba.

Nilikuwa nasema kweli tupu, dada. Ila kila kweli niliiweka mbele ya ile moja niliyoificha, kama mtu apangaye magunia mlangoni. Nikaanza hata kujisikia hodari.

Ami Shee akasogeza kidole kwenye simu. "Na hapa wasema mahali pa hatari palipa zaidi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi kijana si ana nguvu? Aende huko miaka miwili mitatu, ajenge, arudi." Akasema hivyo huku akichagua sambusa, amefurahi, hana ubaya wowote. Kisha akaanza kutaja. Mahari ya binti. Kilemba cha baba. Mkaja wa mama. Dhahabu. Na kiwanja, si kikubwa, cha kuanzia maisha. Kila alipotaja kimoja mzee wangu wa kwanza alitikisa kichwa kukubali, kwa mazoea, na kila alipokubali nilimwona Nasri akipanda ndege ya kule. Ilinibidi nimkanyage mguu mzee wa watu.

Hapo Mzee Bakari akaweka kikombe chini. Alikuwa hajasema kitu tangu salamu.

"Mkataba wake," akauliza, "ni wa mpaka lini?"

Dada, nyuma ya pazia hata vijiko vilinyamaza. Wazee wangu walinitazama, Ami Shee akanitazama. Nilikuwa na "inshallah" tayari kwenye ncha ya ulimi. Ni neno tukufu, na watu wameshaficha mengi nyuma yake. Ningesema "upo, inshallah," tukasoma fatiha, mwanao akapata mke, na mke akapata mume wa kutekwa.

Nikakuona umekaa pale langoni, unafunua kitambaa.

"Unaisha na zamu hii," nikasema. "Haujatiwa upya. Na hiyo kazi ya mahali pa hatari si ya kwenye simu, ipo, ameshaitiwa. Kwa haya yaliyotajwa hapa ataikubali. Yeye amenisihi niwafiche. Wallahi, ndivyo ilivyo."

Ami Shee alifunika simu kwenye paja kama mtu afunikaye maiti. "Kumbe umekuja kutuposea mtu asiye na kazi!"

"Kazi anayo, Ami. Imebakia kidogo tu."

"Na ulikuwa watuhubiria matope!"

Mzee wangu wa pili akaninong'oneza, sambusa mkononi, "Tuinuke?"

Mzee Bakari aliinua kiganja. Hakunitazama. Alikuwa anatazama pazia, na nyuma yake kulikuwa na mnong'ono mmoja mrefu, kisha sauti kavu ya kike ikasema, "Wangoje kwanza." Tukangoja. Nimewahi kungoja mengi, dada, nilikungoja wewe nje ya wodi mpaka wakatoka bila yako. Silinganishi hayo mawili.

Pazia likasogea, akatoka nyanya yake Rehema, mamake Mzee Bakari, mkono kwenye ubao wa mlango. Tukampa shikamoo sote kwa pamoja kama watoto wa chuo cha Kurani.

"Marahaba. Rehema yuwauliza, hiyo kazi ya kutekwa, ameshaikubali?"

"Bado, mama."

Akarudi ndani. Minong'ono. Akatoka tena.

"Asema mahari yake ndiyo hii. Asiikubali."

Ami Shee aliruka. "Mama! Mahari ni mali! Kadhi ataandika nini kwenye cheti? 'Hakwenda'?"

Bi mkubwa alimtazama kama anayetazama mahamri yasiyoumuka.

"Basi tia na cherehani, mpate la kuandika." Kisha akawageukia wazee wangu. "Na nyinyi, sambusa zimekwisha."

Mzee Bakari aliinama, mabega yanatikisika, nisijue analia au anacheka. Alipoinua uso macho yalikuwa na maji. "Mwenye mahari ni yeye," akasema. "Ndugu yangu, mimina chai."

Tukasoma fatiha. Ami Shee aliisoma haraka kuliko sote.

Ungedhani hapo nilipumua. Bado Nasri. Jukwaani wana saa zao za simu, na usiku ule sikulala vizuri, maana mtoto alikuwa ameniomba jambo moja nami nikalitupa mbele ya wakwe. Alinipigia siku ya pili, nimechuchumaa na tairi la lori.

"Mjomba, wamekubali?"

"Wamekubali."

"Alhamdulillahi. Kwa kiasi gani?"

Nikamweleza yote. Swali la Mzee Bakari, jibu langu, pazia, nyanya.

"Nilikuomba kitu kimoja, Mjomba."

"Uliniomba."

"Sasa nitarudi mtaani kama nani? Injinia wa pancha?"

"Kibanda kina nafasi."

Hakucheka. "Hujui," akasema. "Ningekwenda mwaka mmoja tu. Mmoja. Nikapata cha kuanzia."

"Na mkeo angeanza na nani?"

Upande wake mitambo ilikuwa ikinguruma. Dereva wa lori alikuwa amesimama juu yangu anauliza tairi lake. Nikamwashiria aondoke.

"Mjomba."

"Naam."

"Cherehani ya mkono au ya miguu?"

Sikujua. Katika yote niliyoyaeleza pale sebuleni, hilo hakuna aliyeuliza.

"Uliza leo," akasema. "Wakala nitamjibu jioni kwamba siendi."

Basi ndivyo tulivyo, dada. Anarudi zamu ikiisha. Mwakani atalipwa ngapi sijui, naye hajui, na wanaojua bei ya pipa hawajui. Labda yale matangi ya huku Changamwe yatamhitaji, labda wakala atamwita pengine penye amani, labda tutakaa wote kibandani tukitazama malori ya mafuta yakipita. Mtaani wameshaanza kumshusha mshahara, kwa kasi ile ile waliyompandishia. Wacha wamshushe. Akifika chini atatukuta.

Usiku niliteremsha beseni lako kutoka juu ya kabati nikalifuta vumbi. Nitampa mama mmoja wa Magogoni atupikie mahamri ya siku ya nikahi. Si kama yako, usiniudhi na swali hilo. Yakibaki, nitakaa kizingitini niyale kwa chai ya rangi, na sitasema mafuta yameshuka.

Lala salama, dada. Nimeshauliza Mtopanga. Nyanya amesema ni ya miguu.

Mimi nduguyo mdogo, mchukuzi wa beseni lako,
mjomba wa Nasri