Redio Zote za Nyumbani

Jumatatu, 4 Machi
Unisamehe, daftari. Nimekutupa tangu mtoto aanze kuota meno na mdogo wangu aanze kufungua redio. Zote! Ya mama, ya jirani, hata yangu ya harusi. Anatafuta sauti zinazomtukana zinatokea wapi. Yeye ni fundi redio, sote tunamwita Fundi; atatafuta wapi kwingine? Sasa tuko wodini, mtoto mgongoni. Daktari kautaja ugonjwa: skizofrenia. Fundi hasemi naye.

Jumatano, 6 Machi
Leo nimeelewa kitu — mimi niliyeishia shule ya msingi! Daktari, mama mtu mzima, kanieleza taratibu. Ubongoni kuna dopamini, inapeleka ujumbe seli hadi seli. Ikishafikisha, kuna vimeng'enya vya kuivunjavunja, isirundikane. Kuna watu vyao vina kasi, wengine vyao vinajikokota — ni kurithi. Kwenye ugonjwa huu dopamini huzidi upande mmoja wa ubongo, pengine ikapungua kwingine. Dawa huzuia ile iliyozidi isipokelewe yote. Wanachunguza vimeng'enya vina mkono gani humo, wanaomba damu ya Fundi. Nikauliza, ndivyo vilivyomwangusha? Kasema vyenyewe tu, hapana. Mambo mengi yameshikana. Na lazima akubali mwenyewe. Fundi kageukia ukutani.

Alhamisi, 7 Machi
Kagoma. Eti damu yake itatiwa waya. Na dawa kaitema! Daktari alishasema, bila dawa sauti zitapanda. Nikamwambia: damu ni hiari yako, dawa utameza. Kisha nikamweleza yale ya jana kwa lugha ya kibandani kwake — mawimbi, sauti iliyofunguliwa mno.
"Dada, kwa hiyo mtangazaji yumo humu humu?" Akagusa kichwa.
"Yumo."
"Na redio ya mama nimeipasua bure."
Tukacheka mpaka nesi akachungulia. Kameza!

Ijumaa, 8 Machi
Kakubali kutoa damu! Kwanza kamhoji daktari: hivyo vimeng'enya, nani msimamizi wao? Daktari kakiri hawajajua yote. Fundi karidhika — angalau huyu hadanganyi. Majibu ni ya utafiti, hayatamponya. Sauti bado zipo. Ila leo kanitazama usoni!
Mama atapiga simu jioni. Nisisahau kumwambia alete: nepi, shuka mbili, sabuni, ndala zangu, sweta la Fundi. Redio yake mama na vipande vyote, hata skrubu zilizo kikombeni. Bisibisi ndogo ya mpini mwekundu — nesi atakaa na Fundi akiitumia. Kaomba mwenyewe, aiunge tena redio ya mama.
Betri asilete. Fundi kasema hizo, bado.